Maua ya Jakaranda Chini ya Wipa

Niliyasikia maji kabla sijayaona. Ilikuwa Jumamosi ya Januari, nimeshaipita njia panda ya Isyonje, mkoani Mbeya, pale inapochepuka barabara ya kwenda Kitulo na Makete, nateremka kuelekea Kiwira. Kila nikikanyaga breki, ndani ya mlango wa kushoto kitu kilikimbilia mbele: chubwi. Nikiachia breki, kinarudi nyuma. Nikazima redio. Nikakanyaga tena, nikasikia tena. Ni maji, na wala si kikombe kimoja.

Niliegesha pembeni. Ukungu ulikuwa umeifunika migomba hata mashina hayaonekani. Nikafungua mlango wa abiria, nikaweka kiganja kwenye paneli yake: imepoa kama mtungi. Nilipousukuma mlango na kuurudisha kwa nguvu kidogo, maji yalichungulia kwenye matundu ya spika, kisha yakaanza kutiririkia kapeti ambalo nilikuwa nimelikausha kwa siku nne.

Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimelipa shilingi 60,000 gari lizibwe lisivuje.

Gari lenyewe ni RAV4 ya zile za mwanzo, milango mitano, ya mwaka 1997, yenye tairi la akiba mgongoni. Lilikuwa la baba. Alilinunua likiwa limeshatumika Japani, akalitunza kama watu wa kwetu Rungwe wanavyotunza ng'ombe wa maziwa. Alipofariki tulikaa kikao sisi watoto, ikaamuliwa nibaki nalo mimi, kwa kuwa ndiye ninayepanda na kushuka kila wiki kati ya Uyole ninakofundisha na Tukuyu anakoishi mama. Wenzangu wa ofisi ya walimu hunishauri niliuze. Nawashukuru, lakini injini yake bado inawaka kwa mguso mmoja hata asubuhi za Julai, na siamini kwamba gari la namna hiyo linastahili kufa kwa sababu ya mpira wa mlango uliochoka. Nimeona mengi ya rika lake yakienda kukatwa spea huku injini nzima, na ukiinua kapeti unakuta sakafu imelika na kutu mpaka unaona ardhi. Yaliuawa na maji, polepole, na wenyewe wakidhani ni harufu tu.

Na maji kwetu yapo. Mvua huanza Novemba zikaenda hadi Aprili, na ukishuka upande wa Rungwe hata Mei unatembea na mwavuli. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Mbeya mjini haifiki nusu ya hizo. Gari langu linanyeshewa na mvua za kote kuwili.

Dalili ya kwanza ilikuja mwishoni mwa Novemba. Niliweka madaftari ya kidato cha tatu kwenye sakafu ya mbele, upande wa abiria, nikayakuta asubuhi yamenyonya maji, wino umesambaa, kazi za watoto zimeharibika. Nililipa madaftari sita kutoka mfukoni mwangu. Baada ya hapo vioo vikaanza kufanya ukungu kwa ndani kila asubuhi, ikabidi niendeshe huku nikifuta kwa kitambaa, na kwenye miteremko ya Kiwira hilo ni jambo la hatari. Halafu ikaja harufu ya uvundo, ile ya nguo zilizosahauliwa kwenye beseni.

Nikaenda gereji moja mjini. Fundi alilizunguka gari, akasema mipira imekufa, akatoa tyubu za silikoni. Akapaka kuzunguka kioo cha mbele, akapaka juu ya mipira ya milango, akapaka pembeni mwa taa za nyuma. Jioni aliponikabidhi funguo alisema kwa furaha: "Madam, huku chini ya milango kulikuwa na matundu yanaingiza maji. Nimeyaziba yote." Nilimshukuru. Nilimwongezea na ya soda.

Matundu yale ndiyo yaliyonifanya nisikie chubwi kule Isyonje.

Jumatatu baada ya kutoka Tukuyu sikurudi kwake. Nilikwenda kwa fundi mzee mmoja wa hapa hapa Uyole, ambaye baba alikuwa akimpelekea gari tangu tukiwa wadogo. Siku hizi hafanyi kazi nyingi, macho yamepungua nguvu, lakini yupo kivulini mwa karakana yake kila siku.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gari la baba yako linalia nini?"

Nilimweleza. Hakusema kitu. Alichukua bisibisi nyembamba na kopo tupu la rangi la lita 4, akapiga magoti taratibu pembeni ya mlango wa kushoto, akapapasa ukingo wa chini kwa vidole mpaka akaikuta silikoni. Akaichokoa. Maji yakaruka, meusi kidogo, yakaanguka ndani ya kopo kwa sauti ya mtu anayekamua. Yalitoka kwa muda mrefu. Kopo lilijaa kupita nusu. Akahamia tundu la pili, yakatoka tena.

Kisha akanipigia kioo cha mlango kwa kucha. "Hiki kinapanda na kushuka, si ndiyo? Kinapita katikati ya mipira miwili. Mpira unakifuta tu, haukifungi. Maji lazima yaingie. Kazi ya mlango si kuyazuia, ni kuyatoa."

Nilikuwa nimeendesha gari kwa miaka kumi na mbili bila kujua kwamba mvua inapita ndani ya milango yangu kila siku, na kwamba imekusudiwa hivyo. Inateleza kwenye kioo, inaupita ule mpira wa nje ulio kama mdomo, inashuka ndani ya mlango upande wa bati, inafika chini na kutokea kwenye matundu. Kati ya huko na chumba cha abiria, nyuma ya paneli, kuna nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi isiyokauka. Nailoni hiyo ndiyo ukuta halisi. Paa nalo lina mifereji yake. Chini ya kioo cha mbele, pale wipa zinapokaa, kuna beseni la bati lenye njia zake za kutolea maji. Popote mvua inapoangukia, aliyelichora gari ameichorea na pa kutokea. Ndivyo anavyofanya mtu wa huku anayelima viazi mteremkoni: mvua hawezi kuizuia, anaichimbia mfereji ipite isibebe shamba. Ukiuziba mfereji, umeliua shamba kwa mkono wako.

Tangu siku ile, gari likivuja, swali langu la kwanza ni maji haya yalitakiwa yatokee wapi, na kwa nini hayatoki. Mahali yanapoingilia huja baadaye.

Fundi mzee alinipa kazi ya kufanya nyumbani. "Silikoni yote hii itoe. Usinunue kitu chochote. Tafuta mtu akae ndani, wewe ukae nje na mpira wa bustani. Anza chini."

Kuitoa silikoni ilinichukua jioni mbili, kwa kipande cha plastiki na kucha, bila kugusa rangi kwa chuma. Ile aliyotumia yule wa mjini ni ya bafuni, inayonuka siki inapokauka. Harufu ile ni asidi, na juu ya bati lililochubuka asidi hiyo huanzisha kutu chini yake huku kwa juu panaonekana pamezibwa vizuri. Sehemu mbili za pembeni mwa kioo nilikuta tayari bati limeanza kugeuka rangi ya kahawia, na ni wiki tatu tu zilikuwa zimepita. Kioo cha mbele kina gundi yake maalumu, ngumu, nyeusi, inayobeba kioo chenyewe, na kama hiyo imeachia, dawa ni kukitoa kioo na kukipachika upya juu ya bati safi lililopakwa praima, yaani rangi ya awali, kisha gari lipumzike kwa saa zilizoandikwa kwenye tyubu. Kupakapaka kwa nje ni kupoteza hela.

Jumapili mdogo wangu alikuja na tochi. Akaingia ndani, akajilaza kichwa chini, miguu juu ya siti, uso karibu na sakafu. Mimi nje na mpira wa maji, bila nguvu, yakitiririka tu kama mvua ya kawaida. Usitumie mashine ya kuoshea magari kwa kazi hii, yenyewe inapenyeza maji hata pasipovuja. Na kuanza chini kuna maana yake: ukianza na paa, maji yanasambaa kote na hutajua yameingilia wapi. Unapanda hatua kwa hatua, dakika tano kila mahali, na unasubiri.

Vizingiti vya milango: pakavu. Milango yenyewe, upande wa chini, kisha juu: ndani pakavu, ila mlango wa kushoto ukaanza kutoa unyevu kwenye ukingo wa paneli. Tukauandika. Kioo cha mbele, pembe zote nne: pakavu kabisa. Silikoni yote ile, na kioo kilikuwa hakina kosa lolote. Nikashusha mpira mpaka kwenye wipa, nikauacha hapo. Dakika ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu nikasikia mdogo wangu akipiga kelele: "Dada, zima! Zima!"

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye boksi la feni ya hita, chini ya dashibodi, upande wa kushoto, pale pale nilipokuwa nimeweka madaftari.

Tukafungua boneti, tukavua mikono ya wipa, tukainua ile plastiki yenye vijitundu inayokaa chini ya kioo. Humo chini hapakuonekana bati. Palionekana udongo mweusi, laini, uliojaa maji, unaonuka kama dimbwi. Niliuchota kwa mkono, nikaupasua kwa vidole, na katikati nikaona kitu chembamba, bado kina rangi ya zambarau kwa mbali. Petali.

Shuleni kwetu naegesha chini ya mjakaranda. Ndiyo nafasi yangu, kila mtu anaijua, na mwezi Oktoba ninapotoka kipindi cha mwisho nalikuta gari limevaa zambarau tupu. Nilikuwa naliona ni jambo zuri, hata picha nimepiga. Maua yale huanguka Oktoba na Novemba, wiki chache tu kabla mvua hazijashika kasi. Yanapenya kwenye vijitundu vya plastiki, yanakauka, yanafuatwa na vumbi la mwisho wa kiangazi, halafu mvua ya kwanza inayageuza uji. Uji unaziba njia ya kutolea maji. Beseni linajaa. Na katika beseni hilo, kwenye gari lenye usukani kulia, upande wa kushoto mara nyingi ndiko iliko pua ya feni ya hita, mahali inapovutia hewa ya nje. Maji yakipanda hadi kwenye pua ile yanaingia ndani kama yamekaribishwa, na kumwagikia miguu ya abiria. Mpira haukuhusika hata kidogo. Nilitoa kopo zima la uji ule. Tundu la kutokea nikalizibua kwa waya wa breki ya baiskeli, nikiuzungusha taratibu ili nisitoboe kitu. Halafu mdogo wangu akamimina nusu ndoo ya maji safi. Yalisimama kidogo, yakazunguka, kisha yakashuka kwa mlio mzito ndani ya bodi, na sekunde ile ile yakatokea nyuma ya tairi la mbele, yakitiririka kwenye changarawe. Tulimimina ndoo tatu zaidi bila sababu yoyote, ili tu tusikie ule mlio.

Kabla ya yote hayo, fundi mzee alikuwa ameniuliza kama maji ya sakafuni yana rangi au yanateleza. Kwa watu wa nyanda za juu, ambao hita tunaiwasha kweli, swali hilo ni la lazima. Rejeta ndogo ya hita ikitoboka, kinachomwagika sakafuni ni kulanti, ile ya kupozea injini: ina rangi, inateleza kwenye vidole, ina harufu ya utamutamu, na huacha utando wa mafuta kwenye kioo cha mbele. Nusa, tazama, lakini usionje kama wanavyofanya baadhi ya mafundi, ni sumu. Ya kwangu yalikuwa maji ya mvua matupu.

Ukabaki ule unyevu wa mlango wa kushoto. Tulivua paneli na kukuta nailoni imepasuliwa kwa kisu kutoka juu mpaka chini. Kuna mtu aliwahi kutengeneza mota ya kioo, akachana njia ya kupitisha mkono, akamaliza kazi na kufunga paneli. Mlango unaovujia kwenye paneli mara nyingi ni nailoni, na kama spea mimi sikuipata madukani. Mimi nilinunua nailoni nzito, ile inayouzwa kwa wenye vitalu vya miche ya parachichi, nikaikata kwa kufuata umbo la ile ya zamani, nikaibandika kwa utepe wa butili, ule mweusi unaonata. Jambo moja la kuangalia: ukingo wa chini wa nailoni uingie ndani ya mlango, usining'inie nje. Ukiubandika kwa nje, umejenga paa linalomwaga maji sebuleni.

Sasa mipira. Baada ya yote hayo bado nilitaka kujua hali yake, maana ina umri wa kumaliza chuo na kuajiriwa. Watu wengi wa Mbeya hudhani jua letu ni dogo kwa sababu hewa ni baridi. Sivyo. Mjini hapa tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mionzi ya jua inayokausha mpira huongezeka karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mtu anavaa koti, na gari linaungua. Mpira wa milango ya magari ya siku hizi ni wa aina inayostahimili jua kuliko mpira wa utomvu, lakini nao huchoka, na huchoka kwa namna mbili tofauti. Kuna unaokauka na kupasuka nyufa ndogondogo kama kisigino cha kiangazi. Na kuna unaobaki mzuri kwa macho lakini umelala: lile tumbo lake lenye hewa, linalotakiwa kubonyea mlango unapofungwa na kurudi unapofunguliwa, limebonyea likabaki hivyo. Huo wa pili ndio unaodanganya watu.

Nilipima kwa vitu nilivyonavyo, karatasi na chaki. Unakata kipande cha karatasi, mimi nilitumia karatasi za mtihani wa zamani, unakifungia mlango, kisha unakivuta polepole. Kikikaza, mpira unashika. Kikitoka kama kinatoka mfukoni, pale hapana mpira. Unasogea kama sentimita 15, unarudia, unazunguka mlango mzima. Chaki inakupa ramani: unapaka mpira wote chaki nyeupe, unafunga mlango kama kawaida, unafungua. Kwenye rangi ya gari mstari mweupe utakuwa umejichora, na pale mstari unapokatika ndipo maji na vumbi vinapopita. Gari la baba lina rangi ya kijani iliyokolea, mstari ulionekana wazi kama kwenye ubao. Mlango wa dereva ulikuwa na pengo moja juu, urefu wa kiganja. Ya nyuma miwili, kamili. Mlango wa tairi la akiba, kona ya juu kushoto, mstari haukuwepo kabisa.

Pengo la mlango wa dereva lilitoka kwenye bati. Mpira wa mlango umevaa ukingo wa bati kwa mdomo wenye chuma ndani, na ukingo huo ulikuwa umepinda kidogo, nafikiri ni siku moja tuliyopakia ngazi. Tuliuvuta mpira sehemu hiyo tu, tukanyoosha bati kwa koleo lililofungwa kitambaa, tukakuta na kutu kidogo tukaisugua na kupaka praima, kesho yake tukarudisha mpira kwa kugonga na nyundo ya mpira. Mstari ukakamilika.

Mpira mmoja tu ndio nilioununua, wa mlango wa kushoto mbele, kwa sababu silikoni ilikuwa imeung'oa ngozi. Madukani kuna wa kukata kwa mita, na kwa wauza spea za mtumba kuna uliotolewa kwenye gari kama lako. Mimi nilichukua wa mtumba baada ya kuubonyeza kwa vidole urefu wote na kuona unarudi. Wa mita unaweza kufaa, lakini nenda na kipande cha ule wa zamani, ulinganishe unene wa tumbo na upana wa mdomo. Ukizidi unene, mlango hautafunga mpaka uubamize, na kila siku unaumiza bawaba. Wakati wa kuuvika, anza na kona, kiungo kikae chini na si juu, na usiuvute. Nasisitiza hapo. Mpira uliovutwa ili utoshe hukaa vizuri siku ya kwanza, kisha hujirudi taratibu, na baada ya mwezi unakuta kona zote zimeachia. Ni bora uwe mrefu kidogo, uusukumie ndani kwa kiganja.

Mingine yote niliiosha. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa, na maji yaliyotoka yalikuwa mekundu kwa vumbi la miaka. Ikikauka napaka grisi ya silikoni kidogo sana, na ninapoikosa napaka gliserini ya duka la dawa, kisha nafuta kwa sababu gliserini inavuta vumbi. Tafadhali usipake mafuta ya mgando, wala grisi ya kawaida, wala oili. Nilikuwa nikimwona baba akipaka mafuta ya mgando kwa upendo wote, na mipira ile ya milango ya mbele ilivimba na kulegea. Mafuta yatokanayo na petroli huilainisha leo na kuiharibu kesho. Natamani ningelijua hili akiwa hai, tungeosha pamoja.

Kapeti lilitaka moyo. Siti za mbele zinafunguliwa kwa spana namba 14, halafu plastiki za vizingiti, halafu unalikunja kapeti kuelekea nyuma. Chini yake kuna godoro la nyuzi ambalo kwa juu unaweza kuligusa ukasema pakavu. Nililikamua kwa mikono miwili, likatoa maji mpaka nikaogopa. Kwa mvua za Januari haliwezi kukauka nje, kwa hiyo lilining'inia siku sita kwenye kamba ya jiko la kuni, na mpaka leo gari lina harufu ya moshi kwa mbali, ambayo mimi naipenda. Sakafu ilikuwa na kutu ya juujuu, mahali pawili, ukubwa wa sahani. Niliisugua mpaka bati jeupe, praima mikono miwili, rangi. Bati halijatoboka. Nilipoliona hivyo nilikaa chini kwenye kizingiti nikashukuru kwa sauti.

Mwezi uliopita nilimleta mama Mbeya kliniki. Mvua ilitukuta Kiwira, ile inayofanya wipa zionekane hazina kazi, ikatusindikiza mpaka Igawilo. Mama alikaa mbele, kikapu cha ndizi katikati ya miguu. Njiani alivua viatu, akaweka nyayo kwenye kapeti, akazisogeza huku na huku kama anayetafuta kitu. "Pakavu," akasema. "Ndaga fijo, mwanangu." Ni asante sana kwa Kinyakyusa. Akalala mpaka tunafika.

Shuleni sasa naegesha upande wa pili wa uwanja, kwenye jua, na nimetandika kipande cha turubai juu ya dashibodi na kingine juu ya mipira ya juu ya milango ninapoweza. Kila Ijumaa nachomeka njiti kwenye matundu ya chini ya milango yote.

Imebaki ile kona ya juu kushoto ya mlango wa nyuma. Mvua ikizidi saa mbili inatoa tone, linakaa, linafuatwa na jingine. Karatasi pale inatoka yenyewe. Mpira ni mzima. Kilichochoka ni bawaba: mlango umeshikwa upande wa kulia, na tairi la akiba limeuvuta chini kila siku tangu 1997, kwa hiyo upande wa kushoto umeshuka na kona ya juu imeachana na bodi. Kukisogeza kile chuma kinachodakwa na kitasa kumesaidia nusu. Kabla ya kukilegeza nilichora mzunguko wake kwa penseli, ili nikikosea nijue pa kukirudishia. Fundi mzee amenipatia pini mpya za bawaba na vikombe vyake. Jumamosi hii, mdogo wangu akifika, tutashusha tairi na kuuvua mlango.